Uzi: Minara ya kale ya China iliyofufuliwa na mashairi

Mleta uzi

Wakuu, salaam. Naleta mada hii kwa wale wanaopenda historia na fasihi kwa pamoja, kwa kuwa naamini huwezi kuielewa minara mashuhuri ya China kwa kutazama nguzo na vigae vyake peke yake. Ninayokusudia hasa ni minne: Mnara wa Korongo wa Manjano (Huanghelou) ulioko Wuhan, Mnara wa Yueyang ulioko ukingoni mwa Ziwa Dongting, Jumba la Mwanamfalme Teng (Tengwangge) lililoko Nanchang, na Mnara wa Guanque ulioko Yongji, karibu na Mto Manjano. Mitatu ya kwanza iko ukanda wa kusini wa Mto Yangtze, na Wachina huihesabu kuwa kundi moja; wa nne uko kaskazini, katika jimbo la Shanxi. Msomaji asifikirie minara myembamba ya kuadhinia wala ya kuongozea meli. Haya ni majengo mapana ya ghorofa kadhaa, yenye baraza kuzunguka kila ghorofa na mapaa yaliyokunjwa ncha kuelekea juu, yaliyowekwa mahali ambapo mtu akipanda anaona maji mengi na upeo wa mbali.

Hoja yangu ni hii: hakuna hata mmoja kati ya minara hiyo ambao leo ni jengo lile lile walilolipanda washairi waliousifu. Yote iliungua, ilibomolewa vitani au ilichakaa, kisha ikajengwa tena, na kilichoifanya ijengwe tena si haja ya ulinzi wala ibada, bali maandishi machache ambayo mwanafunzi wa Kichina huyakariri tangu utotoni. Maandishi ndiyo yaliyodumu, na jengo likawa linarudishwa kwa ajili yake.

Nianze na Yueyang, kwa sababu hapo yupo mtu aliyeisema hoja hii waziwazi takriban miaka elfu moja iliyopita. Mahali penyewe panahusishwa na jukwaa ambalo Lu Su, jemadari wa dola ya Wu, alilitumia kukagulia wanamaji wake mwanzoni mwa karne ya 3. Mwaka 716 waziri Zhang Yue, akiwa amehamishiwa huko, akalifanya kuwa mahali pa kukutania na kutunga mashairi. Mwaka 768 alipita malenga Du Fu, mzee, mgonjwa, akiishi na familia yake ndani ya chombo cha mtoni. Shairi lake linaanza kwa kusema kwamba zamani alisikia tu habari za maji ya Dongting na leo ameupanda Mnara wa Yueyang. Linaliona ziwa likizipasua nchi za Wu na Chu, na mbingu na ardhi zikielea juu yake usiku na mchana. Kisha, ghafla, upana wote huo unasinyaa: ndugu na marafiki hawajaleta hata neno moja, na mzee mgonjwa amebaki na chombo chake kimoja. Vita vinaendelea kaskazini, naye ameegemea ukingo wa baraza akilia. Miaka miwili baadaye alifariki dunia.

Mwaka 1044, chini ya utawala wa Song, afisa Teng Zongliang, anayejulikana zaidi kwa jina la Teng Zijing, alihamishiwa huko baada ya kushushwa cheo kutokana na tuhuma za matumizi ya fedha za umma. Akaukuta mnara umechakaa na akaamua kuujenga upya. Namna alivyozipata fedha imesimuliwa na mwanahistoria Sima Guang, na inastahili kuelezwa kwa ukamilifu. Teng hakugusa hazina ya serikali wala hakuwatoza watu kodi, bali alitoa tangazo kwamba mtu yeyote mwenye deni la zamani ambalo mdaiwa wake amekataa kulilipa, alitoe liwe mchango kwa serikali, na serikali yenyewe itasimamia kulikusanya. Wadai wakajitokeza, kwa kuwa walikuwa wamekwisha kukata tamaa, na wadaiwa wakalipa, kwa kuwa sasa walikuwa wanadaiwa na dola. Zikapatikana karibu mafungu elfu kumi ya sarafu, ambayo Teng aliyaweka katika chumba kando ya ofisi yake na kuyasimamia mwenyewe, bila karani wala daftari. Sima Guang anaongeza kwamba kiasi kisicho kidogo kiliishia mikononi mwa Teng, lakini wenyeji hawakuona ubaya wowote, wakamsifu kwa uhodari wake. Kwa mtu aliyeshushwa cheo kwa tuhuma za fedha, huo ulikuwa ujasiri wa kipekee.

Jengo lilipokuwa tayari, Teng alimwandikia rafiki yake Fan Zhongyan kumwomba insha, akamtumia na mchoro wa ziwa. Ndani ya barua hiyo anasema, kwa ufupi, kwamba nchi haisifiki bila milima na maji ya ajabu, milima na maji havijulikani bila mnara wa kuvitazamia, mnara haudumu bila maandishi ya kuusimulia, na maandishi hayapati umaarufu yasipotoka kwa mtu mwenye kipaji kikubwa. Alijua fika kwamba mbao zake zingeoza, na kwamba bima yake ilikuwa kalamu ya mtu mwingine.

Fan aliandika insha hiyo mwaka 1046 akiwa Dengzhou, mbali kabisa na ziwa, bila kuupanda mnara mpya. Yeye mwenyewe alikuwa ameondoka katika serikali kuu baada ya mageuzi aliyoyaongoza kuanzia mwaka 1043 kuporomoka, kwa hiyo alikuwa anamwandikia mwenzake katika masaibu. Jengo lenyewe analipa sentensi chache tu. Anatoa picha mbili, moja ya ziwa wakati wa mvua zisizokatika, wasafiri wamekwama na milingoti imevunjika, nyingine ya majira ya kuchipua wakati mawimbi yametulia na samaki wanaogelea katika mwanga. Kisha anauliza kama mtu mwema wa kale aliruhusu hali ya hewa iutawale moyo wake, na hapo ndipo yanapotoka maneno maarufu kuliko yote aliyoyaandika, kwamba mtu kama huyo hubeba wasiwasi kabla ya watu wote hawajaanza kuwa na wasiwasi, na hufurahi baada ya watu wote kwisha kufurahi. Teng alifariki mwaka 1047. Mnara unaoonekana leo ni wa mbao, wa ghorofa tatu, wenye paa lenye umbo la kofia ya chuma ya askari, nao ulijengwa mwaka 1880. Ndani yake insha ya Fan imechongwa kwenye vipande kumi na viwili vya mbao kwa mwandiko wa Zhang Zhao, bingwa wa kalamu wa karne ya 18, na ghorofani juu limewekwa shairi la Du Fu kwa mwandiko wa Mao Zedong.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu mleta uzi, shukrani kwa maelezo ya kina. Ningependa utufafanulie kuhusu Mnara wa Korongo wa Manjano, kwa kuwa kuna simulizi inayozunguka sana kwamba Li Bai, malenga mkubwa wa enzi ya Tang, aliupanda, akaliona shairi la Cui Hao ukutani, akaweka kalamu chini na kusema hawezi kuandika lolote kwa kuwa Cui Hao amekwisha kumaliza. Je, tukio hilo lilitokea kweli, au ni chumvi ya wasimulizi?

Mleta uzi

Mkuu, simulizi hiyo ni tamu, lakini mashairi ya Li Bai mwenyewe yanaikanusha. Mnara huo, ambao kwa mapokeo ulijengwa mara ya kwanza mwaka 223 na Sun Quan, mtawala wa Wu, kwa ajili ya kulinda mto, unatajwa katika tungo zake zaidi ya mara moja. Lililo maarufu zaidi ni lile la kumuaga rafiki yake Meng Haoran, ambamo tanga moja linaonekana likififia hadi kumezwa na samawati ya mbingu, na baada ya hapo hakibaki cha kutazama isipokuwa Yangtze unaotiririka hadi ukingo wa anga. Shairi hilo lina mistari minne tu, na huzuni ya kuagana haitajwi hata kwa neno moja. Mtu aliyeweka kalamu chini haandiki hivyo.

Hata hivyo simulizi ina mzizi wa kweli. Li Bai aliandika shairi kuhusu Jukwaa la Feniksi lililokuwa Nanjing, na ukiliweka kando ya lile la Cui Hao unaona mara moja kwamba anajibu. Vina ni vya aina ile ile, mwendo ni ule ule wa ndege aliyeondoka na mahali palipobaki patupu, na maneno matatu ya mwisho, yenye maana ya kumtia mtu simanzi, ni yale yale. Wenzetu waliokulia katika majibizano ya malenga wa Mwambao wataitambua tabia hii bila kuelezwa: mshairi huchukua bahari ya mwenzake na vina vyake, kisha hujaribu kumshinda ndani ya mipaka ileile.

Kuhusu shairi lenyewe la Cui Hao, aliyefariki mwaka 754, naomba niliangalie kwa karibu kidogo. Ni la mistari minane, kila mstari mizani saba, katika bahari ambayo kanuni zake ni kali: mistari ya katikati inapaswa kwenda jozi kwa jozi, neno likijibiwa na neno, na kurudia maneno ni kosa. Cui Hao anazivunja kanuni hizo waziwazi. Katika mistari mitatu ya mwanzo tu anamtaja korongo wa manjano mara tatu: mtu wa kale ameondoka juu ya korongo wa manjano, mahali hapa umebaki mtupu Mnara wa Korongo wa Manjano, korongo wa manjano akishaondoka harudi tena. Mstari wa nne unayaacha mawingu meupe yakielea bure kwa miaka elfu. Ni baada ya hapo tu ndipo anaporudi katika nidhamu, akiona miti ya Hanyang ng'ambo ya mto ikijipambanua mmoja mmoja, na majani mabichi ya Kisiwa cha Kasuku. Kisiwa hicho hakikuwekwa pale kujaza mizani, kwa kuwa kinahusishwa na Mi Heng, mwandishi kijana mwenye ulimi mkali aliyetunga utungo juu ya kasuku na kuuawa mwishoni mwa enzi ya Han. Shairi linamalizikia jioni, msemaji akiuliza nyumbani ni upande gani wakati ukungu umetanda juu ya mto. Yan Yu, mhakiki wa enzi ya Song, aliliweka mbele ya mashairi yote ya Tang ya bahari hiyo, na mimi nakubaliana naye, hasa kwa sababu makosa yake yamekusudiwa.

Mnara wa mwisho wa kale ulijengwa mwaka 1868 na kuungua mwaka 1884, ukaacha kilele cha shaba ambacho hadi leo kimewekwa mahali pa kuonyeshwa. Mwaka 1957 lilipozinduliwa daraja la kwanza juu ya Yangtze pale Wuhan, njia ya kuingilia daraja ilichukua kiwanja chenyewe cha mnara. Kwa hiyo mnara wa sasa, uliofunguliwa mwaka 1985, uko umbali wa takriban kilomita moja kutoka pale aliposimama Cui Hao, una ghorofa tano na urefu wa mita 51.4, na umejengwa kwa saruji na nondo. Katika miaka ile zaidi ya mia moja ya katikati hapakuwa na mnara wowote, lakini hakuna aliyelisahau shairi.

Mchangiaji wa pili

Nashukuru kwa mjadala. Naomba niongezee kuhusu Jumba la Mwanamfalme Teng, kwa kuwa ndilo ninalolipenda kuliko yote, na pia kuweka angalizo kwamba huyo Teng hana uhusiano na Teng Zijing wa Yueyang. Lilijengwa mwaka 653 na Li Yuanying, mdogo wake mfalme Taizong wa Tang, mwanamfalme aliyejulikana zaidi kwa anasa kuliko kwa utawala. Angekuwa amesahauliwa kabisa kama si karamu iliyofanyika humo mwaka 675.

Gavana aliyeitwa Yan aliandaa karamu ya kusherehekea ukarabati wa jumba, akawaomba wageni wamwandikie utangulizi wa mashairi ya siku hiyo. Ilikuwa inaeleweka kwamba wageni wote wangekataa kwa adabu, ili mkwewe gavana, ambaye alikuwa ameandaa andiko lake mapema, asimame na kujifanya analitunga papo hapo. Karatasi na kalamu vikazungushwa, kila mmoja akajitia mnyenyekevu, mpaka vikamfikia Wang Bo, kijana mpita njia wa miaka kama ishirini na mitano, naye akavipokea. Gavana akaondoka mezani kwa hasira, akamweka mtu wa kumletea habari za kila mstari unaoandikwa. Ya mwanzo aliyaona ya kawaida. Ulipoletwa mstari unaosema kwamba wingu la machweo linaruka sambamba na bata mpweke, na maji ya vuli yana rangi moja na anga ndefu, akasimama na kukiri kwamba huyo ni kipaji halisi.

Karamu katika sura hii imetufikia kupitia Wang Dingbao, aliyeandika zaidi ya miaka mia mbili baadaye na ambaye anampa Wang Bo umri wa miaka 14, kwa hiyo tuisome kama kisa. Hata mstari wenyewe una baba yake, kwa sababu Yu Xin, mwandishi wa karne ya 6, alikuwa na sentensi yenye muundo huo huo kuhusu maua yanayoanguka na bendera za majira ya kuchipua. Lakini Wang Bo ndiye aliyeweka ndani yake kiumbe hai kimoja na mwanga unaozimika. Alikuwa njiani kwenda Jiaozhi, kaskazini mwa nchi ambayo leo ni Vietnam, kumtembelea baba yake aliyehamishiwa huko kwa sababu ya kosa la Wang Bo mwenyewe. Alikufa kutokana na ajali ya baharini katika safari hiyo, kabla hajafikisha miaka thelathini.

Mleta uzi

Mkuu, mchango wako umenisaidia sana, na unaniruhusu kuongeza shahidi mwingine. Mwaka 820 jumba hilo lilipokarabatiwa tena, aliyeombwa kuandika kumbukumbu ni Han Yu, mwandishi wa nathari mkubwa kuliko wote wa enzi ya Tang. Naye anaanza kwa kukiri kwamba tangu ujana alisikia habari za uzuri wa mahali hapo kupitia maandishi ya Wang Bo na wengine, akatamani kupaona, na hadi anaandika hajawahi kufika. Tukimweka pamoja na Fan Zhongyan, tunapata waandishi wawili wakubwa walioandika kumbukumbu za majengo ambayo hawakuyapanda, na hakuna msomaji wa zama zao aliyeona kasoro, kwa kuwa kila mtu alielewa kwamba jengo la kweli limo ndani ya maandishi yaliyotangulia.

Mchangiaji wa tatu

Naomba kutofautiana na wewe, mleta uzi. Tukubali kwamba zamani ilikuwa hivyo, lakini majengo ya sasa ni biashara ya utalii. Ule wa Wuhan una lifti ndani. Jumba la Nanchang, lililoteketea mwaka 1926 katika vita vya majemadari, lilifunguliwa upya mwaka 1989, nalo ni la saruji vilevile. Mnara wa Guanque ndio umezidi, kwa sababu palikuwa hapana kitu kabisa. Mashairi yanatumika kama bango la tangazo la kuvutia wakata tiketi, na kuliita hilo nguvu ya fasihi ni kuwapa wafanyabiashara heshima wasiyostahili.

Mleta uzi

Mkuu, hoja yako ni nzito na sehemu yake naikubali. Tiketi zinauzwa, na fedha hizo zinahesabiwa kwa makini kuliko alivyohesabu Teng Zijing. Lakini saruji hainisumbui kama inavyokusumbua, kwa kuwa hata kabla ya saruji hakuna aliyekuwa anarudisha jengo lile lile. Ukilinganisha michoro ya enzi ya Song na picha za mnara wa Wuhan zilizopigwa kabla ya moto wa 1884, unaona majengo mawili yasiyofanana. Kila utawala ulijenga kwa mtindo wake na kuliita jina la zamani. Michoro iliyotumika kulijenga upya jumba la Nanchang ilitokana na kazi ya Liang Sicheng, mwanahistoria wa ujenzi, aliyeichora mwaka 1942, katikati ya vita na Japani. Mwaka huo hapakuwa na mtalii wa kukatiwa tiketi.

Guanque nao ni ushahidi wangu kuliko wako. Ulijengwa na jemadari Yuwen Hu katika karne ya 6 kwa ajili ya kuchunga mpaka, ukapewa jina la ndege wa jamii ya korongo waliokuwa wakitua juu yake. Shen Kuo, mwanazuoni wa enzi ya Song, ameacha maelezo kwamba ulikuwa na ghorofa tatu, mbele yake milima ya Zhongtiao na chini yake mto, na kwamba kati ya washairi wengi wa Tang waliouandikia ni watatu tu walioweza kuyapata mandhari yake. Uliteketezwa vitani mwaka 1222, na mto ukahamahama hadi alama zake zikapotea. Umejengwa tena kati ya mwaka 1997 na 2002, ukiwa na urefu wa mita 73.9. Kwa zaidi ya miaka mia saba kilichokuwepo ni silabi ishirini za shairi la Wang Zhihuan, malenga wa Tang: jua jeupe linazama nyuma ya milima, Mto Manjano unaingia baharini, na ukitaka kuumaliza upeo wa maili elfu, panda ghorofa moja zaidi. Yeye mwenyewe ameacha mashairi sita tu, na hata hili lipo andiko la kale linalolihesabu kuwa la mtu mwingine, Zhu Bin. Mwandishi ana utata, jengo halikuwepo, na bado watoto walilikariri kizazi baada ya kizazi. Mfanyabiashara amelikuta, hakulianzisha. Tena pale Nanchang na Yueyang, mgeni anayeweza kukariri andiko lote la Wang Bo au la Fan huruhusiwa kuingia bure, na andiko la Wang Bo ni refu na gumu kweli kweli.

Mchangiaji wa nne

Nimesoma uzi wote kwa makini, na ninalo moja la kuongeza ambalo huenda mleta uzi asilipende. Katika mji wa Xi'an, ambao zamani ulikuwa Chang'an, uko mnara wa matofali wa hekalu la Ci'en. Ulianzishwa mwaka 652 kwa ajili ya kuhifadhi vitabu vya dini ambavyo mtawa Xuanzang alivileta kutoka India, ukajengwa upya mwanzoni mwa karne ya 8, na mwaka 1604 ukavikwa ganda jingine la matofali. Una ghorofa saba na urefu wa takriban mita 64, na kiini chake cha enzi ya Tang bado kimo ndani. Waliofaulu mitihani ya kifalme walikuwa wakiandika majina yao pale. Malenga Bai Juyi, aliyefaulu mwaka 800, alijivuna kwamba kati ya watu kumi na saba yeye ndiye aliyekuwa na umri mdogo kuliko wote.

Vuli ya mwaka 752 waliupanda washairi watano kwa pamoja: Du Fu, Gao Shi, Cen Shen, Chu Guangxi na Xue Ju, na kila mmoja akatunga. Wengine waliona utukufu wa dini na wa mji. Du Fu, miaka mitatu kabla ya uasi wa jemadari An Lushan dhidi ya utawala wa Tang, aliona milima imevunjika vipandevipande na mito ya Jing na Wei haitofautishiki tena. Kwa miaka zaidi ya elfu moja wahakiki wamekuwa wakiyapanga mashairi hayo kwa ubora, ila wanaweza kuyapanga manne tu, kwa sababu mnara wenyewe haujaanguka, lakini shairi la Xue Ju limepotea.